Pimbi Mtafsiri wa Sinema

Hapo zamani za kale, wanangu, simba walipokuwa wakivaa mashati na kuchana nywele kila Jumapili, Pimbi alikuwa na kibanda cha sinema. Sinema zenyewe zilikuwa za lugha ya ng'ambo, kwa hiyo Pimbi alishika kipaza sauti na kuwatafsiria watazamaji. Lo, alikuwa na mdomo huyo!

Asubuhi moja alikitangazia kijiji kizima: "Leo ni leo! Wanyama wanasema, wanaruka, wanapigana na joka! Njooni na watoto! Msipofurahi, nileni!"

Mdomo uliponza kichwa. Bwana Simba alikuja na mkewe na watoto watatu, akakaa mbele kabisa. Kifaru naye akaja, benchi likalia kwaaa!

Sinema ikaanza. Maskini Pimbi, alikuwa hajaiona! Wanyama walitembea. Wakakaa. Wakaongea, wakaongea, wakakumbatiana. Joka lenyewe lilipita mara moja tu, dogo kama mjusi, likaenda zake.

Simba alikuwa ameanza kunoa kucha kwenye benchi.

Pimbi akanyakua kipaza sauti. "Tazameni! Chui anamwambia Swala, 'Kimbia, daraja linavunjika!' Kwachaa! Puu! 'Nimelishika, dada, pita!'"

"Pita! Pita!" wakapiga kelele watoto wa Simba. Kifaru alisimama juu ya benchi. Mama Simba alilia, akajifuta machozi kwa khanga. Raha iliyoje!

Mara sauti ikatoka kwenye boriti: "Uongo!"

Alikuwa Kasuku, aliyeishi miaka saba katika nyumba ya binadamu wa ng'ambo na kuijua lugha yao. "Hakusema hivyo! Chui amesema, 'Chai yangu imepoa.'"

Simba akageuka polepole. "Pimbi, ni kweli?"

"Shikamoo, mzee," alisema Pimbi. "Ni kweli. Niliahidi kuliwa, na nitaliwa. Lakini watoto wametoka mbali. Mwache Kasuku awatafsirie ukweli mtupu mpaka mwisho, halafu unile taratibu."

"Hiyo ni haki," alisema Simba. Aliipenda sana haki, hasa ikifuatwa na nyama.

Kasuku akashika kipaza sauti kwa madaha. "Swala anasema, 'Tupumzike.' Chui anasema, 'Naam, tupumzike.' Swala anauliza, 'Umepumzika?' Chui anajibu, 'Bado kidogo.'"

Haaaa! Kifaru akapiga mwayo. Watoto wa Simba wakalaliana. Kichwa cha Mama Simba kikaanguka begani kwa mumewe. Simba mwenyewe alijikaza, akafumbua jicho moja kwa kidole, likajifumba tena. Krrroo! Krrroo!

Pimbi akavua viatu. Akanyata, nya, nya, nya, katikati ya mikia na masharubu, akafika mlangoni. Hapo akatoka mbio, vuuu, mpaka kwenye ufa wa jiwe ambao hata kucha ya Simba haiingii. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma!

Simba aliamka akamkuta Kasuku bado yuko kazini, anatafsiri majina ya waliowapikia waigizaji.

"Pimbi yuko wapi?" alinguruma.

"Sijui, mzee," alisema Kasuku. "Mimi nilikuwa natafsiri."

Mwenye akili, wanangu, hata kibovu hukipatia kazi.