Mawe Meupe ya Msitu wa Mwiko

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba na wakwe na maneno ya kugombana jikoni kama sisi, palikuwa na msitu mmoja ambao hakuna aliyeruhusiwa kuhamia humo. Ulikuwa wa kutembelewa tu. Wanyama walikaa kikao wakautenga, wakauita Msitu wa Mwiko. Na mwiko wenyewe ulikuwa huu: ndani ya msitu, jino lisiguse nyama. Chui akikutana na swala wanasalimiana, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Mbali na hapo, kwenye kichaka cha miiba, waliishi digidigi watatu. Digidigi, kwa asiyemjua, ni paa mdogo sana. Akisimama karibu yako anakufika gotini, na miguu yake ni kama vijiti vya kuokea mishikaki. Mke aliitwa Shungi, kwa sababu ya kishungi cha nywele kilichosimama juu ya paji lake. Mumewe aliitwa Makame, na binti yao Siwema.

Siwema alikuwa amesikia habari za msitu ule kwa wenzake, akawa hana jingine la kusema.

"Mama, kuna pembea. Kuna mwamba wa kuserereka. Na kuna mtoto wa kiboko amezaliwa juzi."

"Na kuna chui," akasema Shungi.

"Lakini huko hawali."

"Mimi mahali chui anaponiamkia sipaamini."

Makame akacheka. "Mke wangu, ulimwengu mzima unakwenda. Sisi tutakaa humu miibani mpaka lini?"

Shungi akafikiri usiku mmoja, akaona kwamba mtoto hawezi kukua akiujua mwiba tu. Asubuhi akafunga majani ya kula njiani, wakaondoka.

Langoni walimkuta Bi Kobe, mpokeaji wa wageni.

"Karibuni. Mmetoka mbali, naona kwato zenu zina vumbi jekundu. Sikilizeni, maana nasema mara moja tu. Njia zimepangwa mawe meupe pande zote mbili. Fuateni mawe. Mawe yakiisha, msitu umeisha, na mwiko umeisha pia. Huko nje kila mtu na bahati yake."

"Tumesikia, bibi," akasema Shungi. Na kweli alisikia, kwa masikio yote mawili.

Basi wakaingia. Lo, msitu ulikuwa mzuri kuliko masimulizi. Vipepeo walijaa njiani hata Siwema akawa anapiga chafya. Kwenye mizizi mirefu iliyoning'inia, mbega mmoja alikuwa akiwasukuma watoto pembea: huyu nungunungu, huyu ngiri, huyu nyumbu anayelia anataka kushuka. Siwema akapanda, akasukumwa, fyuu, fyuu, mpaka akasahau kwamba ana mama. Kwenye mwamba wa maji wakaserereka wote watatu, na Makame akaangukia makalio mbele ya wageni, pwaa. Shungi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu walipotoka nyumbani.

Wakapita bwawani. Hapo walimkuta Bi Ndovu, mlinzi wa njia, amesimama majini akijimwagia. Alikuwa amekunja uso.

"Mmemwona mtu yeyote amebeba jiwe?" akawauliza.

"Hapana, Bi Ndovu," akajibu Makame. "Na mtoto wa kiboko yuko wapi?"

"Amelala upande wa pili na mama yake. Fuateni njia, mtamwona."

Wakafuata njia. Hawajafika mbali, akatokea Chui, ngozi inang'aa, shada la majani shingoni kama wavaavyo waongozaji wageni.

"Habari za matembezi? Mnakwenda kumwona mtoto wa kiboko? Basi msizunguke bure. Kuna njia mpya hapa kulia, fupi, ya kivuli. Nitawapeleka mwenyewe."

Shungi akasimama. "Tunashukuru, bwana. Tutazunguka tu."

Lakini Makame hakupenda kuonekana mshamba. "Mke wangu, ndugu yetu anatufanyia hisani. Na mawe si hayo? Tazama, meupe pande zote mbili."

Kweli mawe yalikuwapo. Shungi akafuata. Alipogeuka nyuma akamwona Fisi anakuja taratibu, anafagia njia kwa tawi.

"Huyo ni mwenzangu," akasema Chui. "Anasafisha."

Wakaenda, wakaenda. Miti mikubwa ikapungua, ikabaki michongoma. Vipepeo hawakuonekana tena. Njia ikapinda, na baada ya kona ile mawe yakawa upande mmoja tu. Shungi akajifanya amejikwaa, akalisukuma jiwe moja kwa ukwato. Chini yake akaona majani mabichi, yamelala tu, hayajaanza hata kunyauka.

Moyo ukamwambia, du, du, du. Jiwe lililokaa mahali pake miaka haliwi na majani mabichi chini. Mawe haya yalikuwa yamehamishwa. Walikuwa wametoka msituni zamani, na mbele yao kulikuwa na Chui, na nyuma yao kulikuwa na Fisi ambaye sasa alikuwa ametupa tawi lake.

Shungi hakukimbia. Alijua digidigi anaweza kumshinda chui kwa kona mbili, tatu, lakini Siwema alikuwa hajajifunza kona. Akapaza sauti kama mgeni aliyefurahi.

"Bwana Chui, njia hii ni nzuri mno. Kitu kimoja tu kinanisikitisha."

"Nini hicho, dada?"

"Jamaa zetu. Tumewaacha kule bwawani wanapumzika. Wataikosa."

Chui akasimama. "Jamaa zenu wangapi?"

"Kumi na wawili. Shemeji zangu na watoto wao, na mama mkwe."

Makame akageuka. "Mama? Mama yangu mimi? Si ali—"

Shungi akamkanyaga ukwato kwa nguvu zake zote.

"Si alisema atatufuata," akamalizia yeye. "Ndiyo, alisema. Lakini mama mkwe wangu ni mtu wa masharti. Haweki mguu penye mawe ya upande mmoja. Akifika kwenye kona ile, atasema njia hii si halali, atawageuza wote kumi na wawili warudi nyumbani. Na walivyo wanene, kutembea kwenyewe ni tabu, hawatakuja tena."

Fisi akasogea. Mate yalikuwa yameanza kumtoka. "Wanene kiasi gani?"

"Wanakaa karibu na shamba la kunde."

Chui na Fisi wakatazamana. Chui akamvuta mwenzake pembeni, wakanong'ona. Lakini wanangu, masikio ya digidigi ni makubwa kuliko kichwa chake, na Shungi alisikia kila neno.

"Hawa watatu ni kitafunio tu," alisema Fisi. "Wale kumi na wawili ni karamu."

"Nenda ukapange mawe kwenye kona. Mimi nitabaki na hawa."

"Nibebe peke yangu?"

Shungi akajua kwamba Chui akibaki, wao hawafiki jioni. Akasema kama anayejisemea, "Ila mama mkwe anaogopa fisi tangu utoto wake. Akimwona Fisi peke yake, atapiga kelele. Angepokewa na mwongozaji mwenyewe, mwenye shada, hapo angetulia."

Chui akalitazama shada lake. Akajikohoza. "Sisi waongozaji kazi yetu ni kuwaridhisha wageni. Tutakwenda sote. Na nyinyi mje, mtutambulishe."

"Bila shaka," akasema Shungi. "Na chagueni mawe makubwa. Macho ya mama mkwe hayaoni vizuri."

Basi Chui akabeba jiwe kubwa kama boga, akalibana kwa meno yake yote. Fisi akabeba lake, kubwa zaidi, maana hakutaka kushindwa. Wakarudi njia ile ile, Chui mbele, digidigi katikati, Fisi nyuma.  Sasa Makame alikuwa ameelewa.

"Mke wangu," akanong'ona, "nisamehe."

"Baadaye. Tembea."

Mara, pu, Chui akaliweka jiwe chini apumzishe taya. Akalamba midomo, akamtazama Siwema. Akamtazama muda mrefu. Siwema akajibanza kwenye ubavu wa mama yake.

Shungi alihisi miguu yake inataka kukimbia bila yeye. Akaizuia.

"Bwana Chui, umeliweka hapo? Basi mama mkwe akiliona hapo katikati, atasema njia imefungwa. Lakini kama umechoka, si neno. Mwachie Fisi, naona yeye hajachoka."

Fisi, kinywa kimejaa, akasema "Mmh" kwa majivuno. Chui akanuna, akaliokota jiwe.

Wakafika kwenye kona. Chui akawa anatafuta mahali pa kuliweka.

"Nyuma kidogo," akasema Shungi. "Mama mkwe hafiki mpaka hapa. Yuko pale penye mti ule, nadhani namsikia anakohoa. Tusogee."

Wakasogea. Michongoma ikaisha, miti mikubwa ikaanza. Kipepeo mmoja akapita mbele ya pua ya Siwema. Mbele yake Shungi akayaona mashimo, moja, mawili, mengi, yamekaa mstari, udongo wake bado mweusi: ndipo mawe yalipong'olewa, na ndipo mwiko unapoanzia. Akayavuka. Makame akayavuka. Siwema akayavuka kwa kuruka. Hatua ishirini tena, na maji ya bwawa yakaonekana.

Hapo Shungi akavuta pumzi akapiga mbinja ya digidigi, ile ya hatari, inayopasua sikio. "Ziiik-dik! Ziiik-dik!"

Maji yakafanya kishindo, na Bi Ndovu akatoka bwawani anachuruzika. Akawaona digidigi watatu, na nyuma na mbele yao wanyama wawili wenye meno makali, vinywa vimefungwa kwa mawe meupe.



"Tangu jana natafuta mawe yangu," akasema Bi Ndovu. "Kumbe yana miguu."

Chui akajaribu kujibu. "Mmh. Mmmh." Akaliachia jiwe, likamwangukia mguuni Fisi, aliyekuwa amesogea kando yake, naye Fisi akalia uwiii na kuliachia lake.

"Tumeyaokota," akasema Chui haraka. "Tulikuwa tunayarudisha. Waulize hawa wageni, tumewasindikiza vizuri, hatujawagusa."

"Hawajatugusa," akasema Shungi, "kwa sababu vinywa vyao vilikuwa na kazi. Bi Ndovu, muulize Fisi tulikuwa tunakwenda kumpokea nani."

Bi Ndovu akamgeukia Fisi, akampelekea mkonga karibu na uso. Fisi na maumivu ya mguu, na njaa, na hasira, hakufikiri.

"Si wale kumi na wawili wanene," akasema. "Hawa watatu peke yao wangetutosha wapi?"

Chui akafumba macho.

"Kumi na wawili gani?" akauliza Bi Ndovu.

"Hakuna kumi na wawili," akasema Makame. "Na mama yangu alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Angefurahi kusikia kwamba leo ametuokoa."

Wageni walikuwa wamekwisha kukusanyika: nungunungu na wanawe, ngiri, mbega, hata mama kiboko. Bi Ndovu hakupiga mtu. Aliwapa kazi Chui na Fisi ya kuyarudisha mawe yote, moja moja, kila moja kwenye shimo lake, yeye akiwafuata nyuma na mkonga umeinuliwa. Walimaliza jua limekaa magharibi, taya zimewavimba. Kisha wakatolewa langoni, na Bi Kobe akaambiwa wasikanyage tena humo maisha yao yote. Nikwambieni, hakuna aliyewasindikiza.

Na Shungi? Mawe yalipoanza kurudi mahali pake, miguu yake ndiyo kwanza ikakumbuka kutetemeka. Akajilaza kando ya bwawa, akashindwa hata kuinua shingo. Makame akamletea majani laini na kuyaweka mbele yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi.

"Ulisema tuzunguke," akasema. "Nikaona aibu kuzunguka."

"Sasa je?"

"Sasa nitazunguka mpaka nizeeke."

Siwema akaja, akamgusa mama yake kwa pua. "Mama, tunarudi nyumbani?"

Shungi akamtazama mtoto, akamtazama tena, kama anayemhesabu viungo. Vyote vilikuwapo. Akahisi kifua kinafunguka kidogo kidogo, kama fundo la kamba lililolowa.

"Tumekuja kumwona mtoto wa kiboko," akasema. "Tuondoke bila kumwona?"

Mama kiboko akasikia, akawaita mwenyewe. Mtoto wake alikuwa mnene, wa rangi ya waridi tumboni, na alipoona wageni akazama, akaibuka na jani la yungiyungi limemkaa kichwani. Siwema akacheka hadi akakaa chini. Shungi naye akacheka, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke tu, maana yalikuwa ya raha.

Meno makali hayamfai kitu mwenye kinywa kilichojaa tamaa.