Mtungi Uliojaa Daima

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, bonde zima liliwashia majiko yake mafuta ya mtungi mmoja mkubwa. Mtungi huo ulikaa barazani kwa Mzee Tembo, na ni yeye tu aliyekwenda kuujaza kwenye chemchemi ya mafuta.

"Mzee, mafuta yapo?" wanyama waliuliza.

"Tele! Hayaishi hayo! Chungulieni wenyewe!"

Walichungulia, wakaukuta umejaa pomoni.

Siku moja jiko la Mama Kanga likafanya tss! tss! puu! Likazimika. Vifaranga wake, waliototolewa juzi tu, wakalia njaa: chii! chii!

"Mzee Tembo, mafuta haya yana nini?"

"Mafuta? Utambi wako ndio mchafu, mama! Kwako hakuna usafi?"

Majirani kwa-kwa-kwa! Maskini Kanga aliinamisha kichwa, akaufua utambi mbele yao wote. Jiko halikuwaka ng'o.

Pimbi, yule mdogo aotaye jua mwambani kutwa, aliyeitwa mvivu na kila mtu, hakucheka. Kutoka kule juu alimwona Tembo akibeba maji kutoka mtoni kila asubuhi, na bado miguu yake ilijaa vumbi. Haogi! Sasa maji yanakwenda wapi?

Kesho yake akaja barazani, wenzake wamejipanga kuchota.

"Mzee, wanakusema. Eti mkonga wako umezeeka, haufiki chini ya mtungi huu."

"Mimi? Nisifike?"

"Nimewabishia mpaka koo limenikauka."

"Tazameni basi!" Chubwi! Mkonga ukazama hadi chini. Akavuta, akapuliza uani: shwaaa!

Kanga akakigusa kidimbwi, akanusa. "Maji haya."

Mle mtungini mafuta yalikuwa utando tu, yakielea juu ya maji.

Masikio ya Tembo yakalegea. "Chemchemi imekauka tangu masika. Nilijisifu kwenu kwamba hayaishi, nikaona aibu kusema. Nikawa najazia maji."

"Na aibu yako ukanivika mimi," alisema Kanga. "Wanangu wamelala njaa."

Tembo alitamani ardhi ipasuke. Lakini mwili ule, ajifiche wapi?

Pimbi akawapeleka mwambani. Palikuwa na chungu cheusi kimefunikwa, kimezungukwa na madebe yaliyong'arishwa, yote yakielekea jua. Akafunua. Uji ulikuwa ukitokota: toko-toko-toko!

"Moto uko wapi?"

"Si ule kule juu?"

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia. Mlicheka."

Hakuna aliyeweza kumtazama usoni. Vifaranga wakala wakashiba, na utando ule wa mafuta ukawekwa akiba ya siku za mawingu.

Tembo alikaa mbali, hakuthubutu hata kuomba bakuli. Kanga akamwendea, akamwekea debe lenye kutu na kitambaa.

"Ng'arisha, Mzee."

Tembo aling'arisha, kichwa chini, mpaka jua likatua.

Basi wanangu, kitu kikianza kupungua semeni mapema, ili wote mtafute kingine.