Feilim na Dua ya Ng'ambo ya Mto

Wametusimulia waliotutangulia, na Mola ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika nchi ya Ayalandi palikuwa na mja mchangamfu aitwaye Feilim. Yeye na wenzake walimwasi mfalme aliyewanyang'anya mashamba. Wakashindwa, naye akakimbilia ugenini, akawa askari wa jeshi la huko. Jambo moja tu lilimkera: nduguye Donncha, kwa njaa, alijiandikisha katika jeshi la mfalme yule yule. Feilim akaapa kwa hasira hatamjibu neno maishani.

Ikasadifu majeshi hayo mawili kukabiliana, mto katikati. Asubuhi moja ya ukungu, Feilim akiwa lindoni, alisikia mtu ng'ambo akisali kwa lugha ya kwao. Nao watu wa kwao dua ile huisoma wawili: mmoja huanza, mwenzake huitikia. Yule akaanza, akangoja. Akaanza tena, na Feilim akaitambua sauti ya Donncha.

Kusema na adui hukumu yake ilikuwa kifo, na kiapo nacho kilimzuia. Lakini aliona haya kumwacha nduguye peke yake mbele ya Mola. Akaitikia hadi mwisho, machozi ya furaha yakimtoka.

Jua lilipochomoza jemadari, aliyepata habari za sauti ile, akawapanga walinzi. "Nani aliyesema na adui? Asipojitokeza, nyote mtachapwa."

"Nyamaza, bwana wee," mlinzi mmoja akamnong'oneza Feilim. "Mgongo utapona. Shingo je?"

Feilim akasogea mbele. "Ni mimi, Mkuu. Ndugu yangu alikuwa akisali, nikamwitikia. Sikuongeza neno."

Jemadari uso ukamkunjuka. "Maiti wetu wa mapigano ya juzi wako ng'ambo hawajazikwa, na nimekosa mtu wa kuaminika wa kwenda kumwomba adui ruhusa ya kuwazika. Wewe umesema kweli na shingo yako i hatarini. Chukua kitambaa cheupe, uende."

Ng'ambo nako wakamtuma Donncha ampokee, wakakutana ndugu wawili kivukoni, maji yakiwafika magotini.

"Uliapa hutanijibu," akasema Donncha.

"Kwani uliniita mimi? Ulimwita Mungu. Mimi nilimalizia tu."

Wakacheka hadi wakashikana wasianguke, na askari wa pande zote mbili wakacheka nao bila kujua kulikoni. Siku hiyo wafu walizikwa, na ndugu wale ndio waliosoma dua, mmoja akianza, mwenzake akiitikia.

Basi, ndugu zangu, kama yupo mtu uliyeapa hutamjibu, mtegee sikio kwanza. Huenda anasali.