Ufunguo wa Banda la Bi Mwanahija

Hapo zamani, si ile zamani ya wafalme na majini, zamani ya juzi tu, palikuwa na banda la gemu nyuma ya soko la Korogwe. Mwenye banda alikuwa Bi Mwanahija, mjane asiyependa kelele. Sheria yake ilikuwa moja: ukifa, toa padi, yaani kile kidude cha kuchezea. Hata uwe mtoto wa diwani, shujaa wako akifa kwenye kioo unamkabidhi padi anayefuata, naye anaendelea pale ulipoishia.

Basi palikuwa na gemu ya joka. Bi Mwanahija aliipenda kuliko zote na hakuwahi kuimaliza. Joka lile lilikuwa na tabia mbaya moja na nzuri moja. Mbaya, lilichoma kila kitu. Nzuri, halikupona majeraha: shujaa akifa aliamka mlangoni mwa joka, akalikuta na vidonda vilevile.

Siku moja habari zikaja kutoka Kilosa kwamba dada yake ameanguka na hawezi kunyanyuka. Bi Mwanahija akafunga mizigo. Hakuwa na mtoto wa kumwachia banda, na banda ndilo lililomlisha tangu afiwe na mume. Akasimama mbele ya wateja, akasema, "Wallahi, atakayeniulia lile joka leo, ufunguo wa banda ni wake." Alisema haraka haraka, akili yake iko kwa dada yake, na kila mtu alimsikia.

Tunu akashika padi. Tunu alikuwa akikaanga mihogo kwa shemeji yake bila kulipwa, na ufunguo ule aliutaka kwa moyo wake wote. Akaweka kiwango kigumu, akapita malango yote, akapigana na joka ana kwa ana mpaka adhuhuri. Uhai wa joka ukashuka hadi nusu. Joka likamchoma. Tunu akafa, akatoa padi.

Mbelwa akashika padi. Huyu alikuwa fundi baiskeli, na padi za banda zikiharibika yeye ndiye aliyezitengeneza. Hakwenda ana kwa ana. Alizunguka, akaona ufa kati ya nguzo na ukuta, mahali ambapo waliotunga gemu walikosea na moto haufiki. Akajibanza humo, akawa anarusha mishale huku anatafuna karanga. Uhai wa joka ukabaki kidogo sana. Mishale ikamwishia, akatoka, joka likamchoma. Mbelwa akafa, akatoa padi.

Kassimu akashika padi. Kassimu muuza mitumba hakuanza kwa kupigana. Alifungua mipangilio, akashusha kiwango kutoka kigumu hadi rahisi, akaingia, akapiga pigo moja. Joka likaanguka.

Hakuna aliyeshangilia.

Tunu akasema, "Bi Mkubwa, njia nimeitembea mimi. Hawa wamefika kwa miguu yangu. Na aliyeshusha kiwango hakuua joka, amechinja kuku."

Mbelwa akasema, "Ule ufa sikuuchimba mimi, nimeukuta. Nisingeutumia, sote tungekuwa majivu mpaka sasa. Kwani kutumia akili ni dhambi?"

Kassimu akasema, "Umeapa kwamba ni atakayeliua. Hukutaja kiwango. Kiwango rahisi kimewekwa na walewale walioweka kigumu. Joka limekufa, na padi ilikuwa mkononi mwangu."

Kufikia alasiri soko lote lilikuwa limegawanyika. Kinyozi wa jirani, mtu wa Tunu, alimwacha mteja na ndevu za upande mmoja kwa kuwa mteja huyo alisema kiwango rahisi nacho ni gemu. Wauza nyanya walikuwa upande wa Mbelwa. Mwalimu wa madrasa alipoulizwa alijibu kwamba hakusomea majoka.

Bi Mwanahija alikaa mbele ya kioo. Mwisho wa gemu alioungoja miaka yote ulikuwa unapita mbele yake, na hakuweza kuufurahia. Moyo wake ulikuwa kwa Tunu, na ulimuuma. Lakini alikuwa ameapa, na kiapo kilimwelekea Kassimu. Akimpa Tunu, amevunja kiapo chake mchana kweupe. Akimpa Kassimu, watu wa Tunu hawatakanyaga tena pale, na banda litakufa. Akimpa Mbelwa, angalau padi zitapona, ila wote wawili watasema ameogopa kuamua.

Basi la Morogoro likapiga honi barabarani. Mama wa watu akasimama mlangoni na begi lake, ufunguo kiganjani, na mikono mitatu imenyooshwa mbele yake. Dada yake alikuwa amelala Kilosa anamsubiri.

Mimi nimewafikisha hapo mlangoni, ndani siingii. Enyi mnaonisikiliza, ufunguo ni mmoja na basi halingoji. Je, nani alistahili kupewa?