Pipa la Binti Mkubwa

Leo nawapeleka Italia, ndugu zangu, na nauli siwadai. Huko kuna vilima vyenye mizabibu kila upande. Ninyi wa Dodoma msijione wageni, zabibu mnazijua, mmezipalilia na mmezila njiani mkitoka shamba. Mzee wangu pale nyuma, naona umekaa sawa ghafla. Ndiyo, ni habari za divai. Tulia.

Basi, kwenye kilima kimojawapo aliishi mzee aliyefiwa na mkewe, mtengenezaji wa divai nyekundu. Jina lake la Kitaliano litanivunja ulimi, kwa hiyo mimi nitamwita Mzee tu. Baba yake alitengeneza divai hiyo hiyo, babu yake vilevile, na Mzee hakuwa tayari kubadilisha hata kitambaa cha kuchujia.

Alikuwa na mabinti wawili, na nyumba yao ilikuwa na mila yake. Mtoto akizaliwa, divai ya mavuno ya mwaka ule inajazwa kwenye pipa la mbao. Pipa linaandikwa jina lake kwa chaki, linashushwa kwenye ghala lililochimbwa chini ya nyumba, kwenye ubaridi. Hapo linamngoja mpaka harusi yake. Siku hiyo baba anakinga glasi ya kwanza na kumpa mwanawe mbele ya watu. Bibi harusi asiyenywa glasi ile, kwao anahesabiwa kwamba hajaagwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Pipa la mbao linakunywa! Mbao zenyewe zinanyonya divai kidogo kidogo, na juu panabaki uwazi. Uwazi ukiachwa, hewa inakaa humo na divai inageuka siki. Kwa hiyo kila mwezi lazima pipa lijaziwe mpaka mdomoni, tena kwa divai, si maji. Mabinti walipokuwa watu wazima, Mzee alikuwa akimpa kila mmoja jagi lake la mwezi: "Haya, kajazie pipa lako."

Binti mdogo akapata mchumba. Kijana mzuri, mchapakazi, ila kazi yake ilikuwa kupika bia.

"Mpika bia!" Mzee akaruka. "Nyumba hii? Watu watanicheka mpaka kaburini!"

"Baba, anayeolewa ni mimi, si mapipa yako."

"Basi nenda. Nenda naye! Na pipa lako lisiguswe na mtu. Likigeuka siki, na ligeuke."

Binti akafunga mizigo, akaondoka analia. Tusimwone Mzee mtu mbaya, jamani. Alikuwa baba, na moyo ulikuwa umemuuma. Haukupita muda alishajuta. Lakini kushuka na jagi kwenda kulijazia lile pipa ingekuwa kukiri kwamba amekosea, na kukiri kwa nani? Kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe! Wangapi humu ndani tunaijua kesi hiyo? Simu iko mkononi, namba unaijua kwa moyo, na hupigi. Mzee hakupiga. Hata ghalani aliacha kushuka, maana hakutaka kuliona jina lile la chaki.

Akabaki na binti mkubwa. Huyo ndiye aliyempikia, akamfulia, akachuma zabibu naye, na baridi ilipokaza akamsugua mgongo kwa mafuta. Na kila mwezi Mzee alimkingia jagi moja na kumtania, wakati mwingine mbele ya wageni: "Kajazie pipa lako, mwanangu. Na utaolewa lini wewe? Divai itazeeka kuliko mimi!" Binti anacheka, anapokea jagi, anashuka.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja simu ikalia.

"Baba, ni mimi. Jumapili tunakuja na mjukuu wako." Kisha akaongeza, "Sikuagwa, baba. Naomba glasi yangu."

"Njoo, mwanangu. Njoo!" Mzee alijibu kwa furaha, akaweka simu, halafu akalikumbuka pipa. Glasi ya nini? Ya siki? Mtoto anarudi kuomba baraka, naye ampe siki mbele ya mume na mtoto wake?

Akamwita binti mkubwa. "Tumkingie ya pipa lingine. Atajuaje?"

"Mkingie ya kwake, baba."

"Ya kwake niliiua mwenyewe!"

"Kinga tu, baba. Kinga."

Jumapili ikafika. Wakashuka ghalani wote, mpika bia naye amembeba mtoto, kwa heshima zake zote. Mzee akavuta kizibo. Akakinga glasi. Akanusa. Akaonja. Akaonja tena! Ndugu zangu, ilikuwa divai safi, nyekundu, tamu ya uzee, na pipa limejaa mpaka mdomoni.

"Muujiza!" Mzee akapiga kelele. "Mungu wangu, muujiza!" Akampa binti glasi, akamkumbatia, akasema, "Nimekuaga, mwanangu. Unisamehe, nimechelewa." Wakalia, wakacheka. Hata mkwe alibusiwa mashavu yote mawili, na bia yake ikasamehewa.

Kwa furaha ile Mzee akamgeukia binti mkubwa. "Na wewe! Leo hatungoji bwana harusi. Tunaonja na lako!"

"Acha, baba. Siku nyingine."

Lakini Mzee alikuwa ameshaligonga kwa ngumi. Pipa lililojaa huitikia kwa sauti nzito. La binti mkubwa lililia kama debe tupu. Akavuta kizibo, na harufu ya siki ikajaa ghalani.

"Majagi yote niliyokupa," akauliza, "ulikuwa ukiyapeleka wapi?"

Binti akatazama pipa la mdogo wake. "Nilikuvunjia amri yako, baba. Nilijua siku moja utalitaka. Mwanzoni nilijaribu kugawa, ila jagi moja halitoshi mapipa mawili."

"Na siku yako ingefika?"



Mzee akakinga glasi ya siki ile, akainywa yote, macho yanamtoka machozi. Akasema, "Miaka yote nimekuuliza lini, lini. Sikuwahi hata kushuka kutazama."

Ndugu zangu, sisi nasi ni mahodari wa kusema muujiza. Mtoto kamaliza chuo, muujiza! Mama kapona, muujiza! Tunamshukuru Mungu, na ni haki yake. Lakini Mungu alipitisha muujiza huo kwenye mikono ya mtu, na mtu huyo naye ana pipa. Yupo dada yetu mkubwa aliyebaki nyumbani kumgeuza mama kitandani ili sisi tuwahi kazini. Yupo kaka aliyeacha shule akasukuma mkokoteni wa maji, wadogo zake tukavaa sare. Halafu tunakuja Krismasi, tunakula alichopika, na mbele ya watu tunamwuliza: Na wewe utaolewa lini? Na wewe kaka, nyumba unajenga lini?

Tunamwuliza hivyo sisi! Sisi ambao jagi lake lilimwagwa ndani yetu!

Leo ukifika nyumbani usimwulize lini. Shuka ukatazame. Gonga pipa lake, usikie linavyolia. Na mwezi huu jagi ulibebe wewe.