Notisi Kwenye Mlango wa Asiyekuwepo

Mtu mmoja, jina lake Shekalaghe, alikuwa na nyumba ya kupangisha kule Korogwe. Katika chumba cha mbele alikaa mshonaji mmoja mjane, Stamili, ambaye kwa miaka mingi alilipa kodi kabla hajaulizwa. Kisha mama yake akapooza. Fedha ikaenda kwenye dawa, kodi ikalala miezi mitatu. Stamili alimwendea mwenye nyumba, akamweleza hali ilivyo, akamwachia namba ya simu, akapanda basi kwenda Handeni kumuuguza mzazi.

Mkataba wao ulisema mpangaji asitolewe kabla ya kupewa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Shekalaghe aliufuata mkataba neno kwa neno. Alingoja basi liondoke, akaandika notisi, akaigonga mhuri, akaibandika kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli. Simu hakupiga. Jirani aliyetaka kumpigia Stamili aliambiwa asiingilie yasiyomhusu.

Mwezi ulipotimia alikuja na vibarua, akamwita mjumbe wa mtaa, Mama Hiza, ashuhudie na kutia sahihi. Mama Hiza alikuta kufuli limeshakatwa. Cherehani ilikuwa imelazwa kwenye tope, na sare za shule ambazo hazijamalizwa kushonwa zilikuwa zikikanyagwa. Akauliza kama mpangaji ana habari. Akajibiwa kwamba notisi ipo, mhuri upo, na sheria haidai zaidi ya hapo.

Mama Hiza alighadhibika. Mwenye hasira anayedai haki yake angemwelewa. Lakini Shekalaghe hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ametulia kama mtu aliyetoka kusali.

"Mzee Shekalaghe," alisema, "ulibandika karatasi mlangoni ukijua mwenyewe hayupo. Ulitaka isomwe na nani?"

Shekalaghe alimnyooshea kalamu. Mama Hiza hakuipokea. Aliinama, akaikumbatia cherehani na tope lake, akaanza kuirudisha ndani peke yake. Vibarua walitazamana. Mmoja wao akashika upande wa pili, na wenzake wakaanza kuokota nguo, ingawa aliyewalipa alikuwa amesimama pale pale akiwakataza.

Jioni ile Mama Hiza alichukua namba kwa jirani, akampigia Stamili, akamsomea notisi yote kuanzia juu hadi chini. Stamili akasema hakuwa na habari hata kidogo. Kwa kuwa mjumbe hakutia sahihi, mwezi wake ukahesabiwa upya tangu siku hiyo. Kabla haujaisha alirudi, akalipa kila alichodaiwa kwa fedha aliyochangiwa na ndugu zake, akafunga mizigo na kuhama kwa miguu yake mwenyewe.

Nanyi mnaosema mlimwonya ndugu yenu kabla ya kumtupa nje: mlimwonya ili asikie, au ili siku ya kumtoa muwe na karatasi ya kuonyesha?