Mashahidi Kumi na Wanane wa Somoe

“Mashahidi wengi si hukumu.” Mmelisikia neno hilo chuoni, mnatupiana kama mzaha, na leo mmeniuliza limetoka wapi. Basi tulieni, wanangu, niwaeleze lilivyozaliwa.

Alikuwapo binti mmoja wa Newala, Somoe Chitanda, akisomea shahada ya uzamili ya kilimo. Alitaka kujua kwa nini wakulima wanaikataa mbegu mpya ya muhogo, ile inayostahimili ugonjwa. Kabla ya kwenda vijijini kuuliza, ilimpasa kuandika sura ya mapitio ya maandiko, aonyeshe waliomtangulia wamegundua nini. Akasoma maandiko kumi na manane, akayaeleza yote, moja baada ya jingine, kwa uaminifu wa mtu anayerudisha vyombo vya kuazima. Mara tatu msimamizi wake aliirudisha sura ile. Mara ya tatu aliandika pembeni: “Hawa nimewasikia. Wewe sijakusikia. Ikija hivi tena, utasubiri mwaka mwingine.”

Somoe akaenda kwao likizo amenyong’onyea. Baba yake, Mzee Chitanda, alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini, akimsaidia hakimu kupima ushahidi. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Shule aliishia darasa la nne, lakini kila alichoandika bintiye alitaka asomewe.

“Nisomee hiyo iliyokuliza,” alimwambia asubuhi moja.

“Ndefu, baba. Itakuchosha.”

“Nimesikiliza kesi za mipaka miaka ishirini, mwanangu. Soma.”

Akasoma. Huyu alisema wakulima hawana elimu. Huyu akasema mbegu huchelewa kufika. Huyu akasema muhogo wenyewe haupendwi. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa mpaka mwisho.

“Mashahidi wako wazuri,” akasema. “Ila umemwita mmoja mmoja, ukamwandika, ukamruhusu aende zake. Nani kamuunga mkono nani? Nani kamkana mwenzake?”

Somoe hakujua.

“Watu wakweli wakipingana, sisi tulikuwa tunauliza kila mmoja alikuwa amesimama wapi. Hawa wako walimuuliza nani?”

Siku mbili nzima Somoe alizipitia upya karatasi zake. Waliosema mbegu huchelewa, karibu wote waliwahoji wanaume wenye mashamba. Waliosema muhogo haupendwi waliwahoji wanawake wanaoupika. Waliolaumu elimu hawakumhoji mkulima hata mmoja. Walizungumza na maofisa wa kilimo. Akakimbia kumweleza baba yake.

“Kweli, hata sisi tuliiacha mbegu hiyo kwa sababu ilichelewa,” akasema mzee. “Mvua zilikuwa zimeshakatika.”

“Ilichelewa wapi!” mama akadakia kutoka jikoni. “Nilipika mara moja tu, ugali haushikani. Mimi ndiye niliyekataa isipandwe tena.”

“Miaka yote hiyo hukuniambia?”

“Uliniuliza?”

Mzee akacheka mpaka akajifuta machozi. Somoe alicheka pia, kisha akaacha ghafla. Katika wale kumi na wanane, hakuna aliyewahi kuwauliza mume na mke wa nyumba moja. Hilo ndilo pengo waliloliacha, na ndilo swali lake.

Akaiandika sura upya. Hakuwapanga tena waandishi foleni, aliwakutanisha. Alionyesha wanapokubaliana, wanapogombana na kwa nini, na mwishoni akasema yeye mwenyewe anaonaje. Wiki ya pili jibu la msimamizi likaja. Akampigia baba simu akamsomea: “Sasa nakusikia. Nenda vijijini.”

“Rudia,” mzee akasema.

Akarudia. Sauti ya mzee ikaja, imelainika.

“Umehukumu, mwanangu. Wenzako wanaohangaika, waambie walivyokuwa wakisema wazee wa baraza wa Newala.”

“Walikuwa wakisemaje, baba?”

“Hawakusema. Nasema mimi leo: mashahidi wengi si hukumu.”